Majumba marefu mtaani: Je, afya yako imo katika ramani?

Bila shaka, msomaji, umewahi kuuona ubao ule. Hutundikwa kwenye lango la nyumba ya zamani yenye bustani na miti mikubwa, na maandishi yake husema kwamba mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka makao ya familia moja hadi nyumba nyingi za kupangisha au kuuza. Baada ya muda mabati huzungushwa, matingatinga huingia, na mahali palipoishi familia moja huchipuka jengo la orofa 12 lenye watu wa kujaza shule nzima.

Hayo ndiyo yanayotendeka Kileleshwa, Kilimani, Lavington na Westlands jijini Nairobi. Nje ya mpaka wa jiji, katika miji kama Ruaka na Ongata Rongai, mashamba na nyumba ndogo vimegeuka kuwa safu za majumba marefu. Na kila yanapoinuka, mabishano nayo huinuka. Wakazi wa zamani hulalamika kwamba mtaa wao unaharibiwa, maji yamepungua na jua limezibwa. Wajenzi hujibu kwamba jiji linakua, watu wanahitaji mahali pa kulala, na ardhi haiongezeki.

Ukiwasikiliza kwa makini, utagundua kwamba pande zote mbili zinahesabu kitu kimoja: orofa. Huyu anataka nne, yule anataka 20. Ukurasa huu unakuomba uhesabu mambo mengine. Jengo la orofa 20 laweza kuwa makao ya siha njema, na jengo la orofa tano laweza kuwa kiota cha maradhi. Kinachotofautisha mawili hayo ni hewa inayoingia, maji yanayopanda, majitaka yanayoshuka, na njia ya kumtoa mgonjwa.

Kila upande una haki yake

Kabla ya kuwalaumu wajenzi, yafaa tukumbuke tulikotoka. Enzi za ukoloni, mitaa ya Nairobi iligawanywa kwa misingi ya rangi. Wazungu walijitengea sehemu za magharibi zenye ploti kubwa na hewa safi, ilhali Waafrika walisongamanishwa mashariki mwa mji. Bustani pana za Kileleshwa na Kilimani ni urithi wa mgawanyo huo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini. Haiwezekani wote hao wakae katika nyumba za bustani, na anayeishi karibu na kazi yake anaokoa saa nyingi ambazo angezimaliza ndani ya matatu, akivuta moshi na kukosa usingizi. Hiyo pia ni afya.

Isitoshe, mji unaotambaa kila upande humeza mashamba na huhitaji mabomba marefu zaidi ya maji na ya majitaka. Watu wakikaa pamoja, huduma hizo zaweza kuwafikia kwa gharama nafuu. Kwa hivyo anayetaka majengo marefu hana kosa kwa kutaka tu.

Hata hivyo, wakazi nao hawana kosa wanapouliza maswali. Mwongozo wa ujenzi uliotumiwa na jiji tangu mwaka wa 2004 uliruhusu orofa nne katika Kileleshwa na Kilimani. Mnamo 2014 jiji lilipata mpango mkuu mpya, NIUPLAN, lakini vibali vya majengo marefu kupindukia viliendelea kuzua kesi mbele ya mahakama na mabaraza ya rufaa. Malalamiko yenyewe ni rahisi kueleweka: bomba lililowekwa kwa ajili ya familia moja haliwezi kuhudumia familia 80 eti kwa sababu kibali kimepigwa muhuri.

Hewa na mwanga

Tuanze na dirisha. Ukitaka kujua jinsi sheria inavyoweza kutiiwa kwa maneno na kuvunjwa kwa vitendo, tazama yaliyotokea New York, Marekani, katika karne ya 19. Mwaka wa 1879 ilipitishwa sheria iliyotaka kila chumba cha kulala kiwe na dirisha la kupitisha hewa. Wajenzi wakatii kwa ujanja. Waliacha shimo jembamba la hewa kati ya jengo na jengo, wakayaelekeza madirisha humo. Wapangaji wakatupa taka ndani yake, uvundo ukapanda, na moto ulipozuka shimo lile likawa bomba la kuupeleka juu. Mwaka wa 1901 ilibidi sheria mpya iyakomeshe mashimo hayo, itake nyua pana, na iamuru kila nyumba iwe na choo chake.

Sasa ingia katika baadhi ya majengo ya Pipeline huko Embakasi, au Huruma, saa sita mchana. Huenda ukalazimika kuwasha taa ndipo uone unachokula. Dirisha lipo, lakini limetazamana na ukuta wa jirani, na ukinyoosha mkono utaugusa. Mchezo ule ule wa mwaka wa 1879 unachezwa hapa kwetu, na hofu ya wakazi wa Ruaka na Rongai ni kwamba unawafuata.

Madhara yake kwa afya hayafichiki. Viini vya kifua kikuu husafiri hewani mgonjwa anapokohoa au kuzungumza. Chumba chenye hewa inayopita huvipunguza, na mwanga wa jua huviua. Chumba kilichofungika huvihifadhi kwa saa kadhaa, vikimngoja mtu mwingine avivute. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 na 2016 ulikadiria kwamba watu wazima 558 kati ya kila 100,000 walikuwa na kifua kikuu, na mijini hali ilikuwa mbaya kuliko mashambani.

Watoto nao huumia kwa njia nyingine. Mwili hutengeneza vitamini D ngozi inapopigwa na jua, na bila vitamini hiyo mifupa ya mtoto huwa laini na miguu hupinda, ndio ugonjwa wa matege. Mtoto anayelelewa orofa ya sita katika jengo lisilo na ua wala roshani aweza kukaa siku nzima bila jua kumgusa, ingawa tunaishi karibu na ikweta. Wala usidhani kumketisha nyuma ya dirisha lililofungwa kunatosha. Kioo huzuia sehemu ya miale inayotengeneza vitamini D. Ni lazima mtoto atoke nje.

Sheria haiko kimya kuhusu haya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu nyumba iliyojaa watu kupita kiasi, au yenye upungufu wa mwanga na hewa, kuwa kero inayoweza kumfikisha mwenye nyumba mahakamani. Afisa wa afya, yule ambaye wazee walimwita bwana afya, ana uwezo wa kuja kukagua.

Maji yapandayo

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a. Hata bwawa hilo likijaa, maji hayatoshi wote, na mitaa mingi hupata kwa zamu. Mwenye jengo lenye nyumba 100 hawezi kungoja zamu. Ndiyo maana karibu kila jumba jipya huchimba kisima kirefu kwa mtambo.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Nairobi na viunga vyake yana madini ya floraidi kwa wingi. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kabisa kuwa miligramu 1.5 kwa kila lita moja. Mtoto anayekunywa maji yaliyopita kiwango hicho wakati meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi yapata miaka minane, hutokeza meno yenye madoa meupe au ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo vya mwili hukakamaa.

Kuna mama ambaye husema, "Mimi huchemsha maji." Kuchemsha ni jambo jema, kwa kuwa huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yanapogeuka mvuke na kupungua sufuriani, floraidi hubaki, na yale yaliyosalia huwa nayo zaidi. Dawa ya kutibu maji vilevile haiiondoi. Yahitajika mtambo maalumu wa kuchuja, au makaa ya mifupa yaliyotayarishwa kwa kazi hiyo, au kuchanganya maji ya kisima na ya mfereji mpaka kiwango kishuke.

Aidha, kila kisima kipya hunywa kutoka chini ile ile. Kiwango cha maji chini ya Nairobi kimekuwa kikishuka kwa miaka mingi, na majirani 20 wakichimba visima 20 katika barabara moja, watachimba zaidi na zaidi kila mwaka.

Majitaka yashukayo

Kila mtungi wa maji uliopanda lazima ushuke ukiwa mchafu. Katika mitaa ya jiji yenye mabomba ya majitaka, uchafu husafiri hadi mitambo ya kusafishia, mkubwa kabisa ukiwa ule wa Ruai. Bomba likizidiwa, uchafu hutapika kwenye vifuniko vya barabarani, na mvua ikinyesha huishia mtoni au kwenye kioski cha mboga.

Katika miji ya kando, mabomba hayajafika kila mahali. Jengo la nyumba nyingi hutegemea shimo la choo ambalo hujaa upesi, na lori la kunyonya majitaka huitwa mara kwa mara. Mwenye nyumba akichoka kulipia lori, ni rahisi kuufungulia uchafu usiku kwenye mtaro. Na mita chache kutoka shimo hilo kuna kisima cha jirani. Hiyo ndiyo njia fupi ya kipindupindu.

Ndani ya jengo pia pana hatari. Mwezi Machi 2003 ugonjwa wa SARS ulizuka katika mtaa wa majumba marefu uitwao Amoy Gardens, mjini Hong Kong. Zaidi ya watu 300 waliambukizwa na 42 kati yao wakafariki. Wachunguzi waligundua kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa akihara alitumia choo katika jengo moja, na virusi vikapenya katika nyumba nyingine kupitia mashimo ya kutolea maji sakafuni mwa bafu. Chini ya kila shimo la namna hiyo huwa pana kipande cha bomba kilichopinda mithili ya shingo ya bata. Maji yanayobaki katika kile kipindo huziba hewa chafu isirudi ndani. Kule Hong Kong, mashimo mengi hayakuwa yakitumiwa, maji yake yalikuwa yamekauka, na feni za bafuni zikaivuta hewa ya bomba kuu.

Kwa hivyo, msomaji, kama bafuni mwako kuna shimo la sakafuni ambalo halitumiki, limwagie maji angaa mara moja kwa wiki. Na ukisikia harufu ya choo cha jirani ndani ya nyumba yako, usiinunulie manukato. Harufu hiyo ni ishara kwamba kizuizi kimekauka au bomba limepasuka. Mwite fundi.

Njia ya kumtoa mgonjwa

Kupanda ngazi ni zoezi zuri kwa mtu mwenye afya, na madaktari hulisifu. Lakini mfikirie mama mja mzito wa miezi minane anayepanda hadi orofa ya saba na mtungi wa lita 20, au mzee mwenye pumu. Desturi ya ujenzi mjini ni kwamba jengo likipita orofa nne liwe na lifti. Hata hivyo majengo ya orofa sita na saba yasiyo na lifti ni mengi, na mengine yanayo lifti ambayo hufa pamoja na stima.

Watafiti waliochunguza watu walioanguka kwa moyo kusimama ghafla katika mji wa Toronto, Kanada, na viunga vyake, kati ya mwaka wa 2007 na 2012, walipata jambo la kutisha. Miongoni mwa waliokuwa chini ya orofa ya tatu, asilimia 4.2 walinusurika. Orofa ya tatu na zaidi, ni asilimia 2.6. Juu ya orofa ya 16 ilikuwa chini ya asilimia moja, na juu ya orofa ya 25 hakunusurika hata mmoja. Sababu ni dakika zinazopotea tangu ambulensi inapofika langoni hadi mhudumu anapomfikia mgonjwa. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila huduma ya kwanza hupunguza matumaini kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Huko ni Toronto, wenye lifti na umeme usiokatika ovyo. Sisi je?

Jambo la moto nalo lisisahaulike. Jumba la Grenfell jijini London, lenye orofa 24, lilipoungua mwaka wa 2017 liliua watu 72, na lilikuwa na ngazi moja tu ya kushukia.

Na kwa wale wanaodhani kwamba hatari ni ya majengo marefu peke yake, jengo lililoporomoka Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua watu wapatao 50, lilikuwa la orofa sita. Lilikuwa limejengwa kando ya mto, na mvua kubwa ilikuwa ikinyesha.

La kufanya kama wewe ni jirani

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya makao ya kufaa na usafi wa kuridhisha. Haki hizo hutetewa kwa kalamu na kwa kufuata tarehe.

Ukiona ubao wa kubadilisha matumizi ya ardhi, usipite tu. Soma siku zilizotajwa, mara nyingi ni 14, na uandike pingamizi lako kwa kaunti kabla hazijaisha. Uamuzi ukitolewa nawe huridhiki, sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka wa 2019 inakuruhusu kukata rufaa mbele ya kamati ya uwiano ya kaunti ndani ya siku 14. Mradi mkubwa wa aina hii huhitaji pia ripoti ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Leseni ikitolewa na unaipinga, una siku 60 kupeleka rufaa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira.

Katika barua yako usiandike tu kwamba jengo ni refu. Hoja hiyo hushindwa kwa urahisi. Uliza haya: Maji yatatoka wapi na ni lita ngapi kwa siku? Bomba la majitaka la barabara hii lina upana gani, na nani amethibitisha kwamba litatosha? Kati ya jengo hili na langu patakuwa na mita ngapi? Mvua itaenda wapi ardhi yote ikishawekwa saruji? Maswali ya namna hiyo humlazimu mhandisi kujibu kwa tarakimu.

La kufanya kama wewe ni mpangaji au mnunuzi

Nenda ukaikague nyumba mchana, si usiku. Zima taa zote uone kama waweza kusoma gazeti hili sebuleni. Fungua madirisha ya pande mbili usikie kama hewa inapita. Mwambie mwenye nyumba akuonyeshe cheti cha maabara cha maji ya kisima, na utafute humo neno floraidi na tarakimu iliyo kando yake. Kama hakuna cheti, chukua chupa ya maji upeleke kupimwa kabla ya kuweka sahihi.

Panda ngazi kwa miguu hadi mlangoni mwako hata kama lifti inafanya kazi, na ujiulize mgonjwa atashushwaje hapo siku ya stima kupotea. Hesabu njia za kutokea wakati wa moto. Uliza shimo la choo liko wapi na hunyonywa mara ngapi. Mwulize bawabu, maana yeye hujua mengi kuliko wakala wa nyumba.

Ukishahamia, toeni watoto nje wakapigwe na jua la asubuhi. Mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili na aende akapimwe kifua kikuu. Huduma hiyo haina malipo katika hospitali za serikali.

Majumba yataendelea kuinuka, tupende tusipende, kwa kuwa watu wanazaliwa na wanahamia mjini kila siku. Tunachoweza kudai ni kwamba kila ramani inayopitishwa ioneshe hewa, maji, majitaka na njia ya mgonjwa kwa uwazi ule ule unaoonesha idadi ya nyumba za kuuzwa. Mwenye jengo akishakabidhiwa pesa yake, huhamia mradi mwingine. Wewe ndiwe utakayebaki ukivuta hewa ya humo ndani, kwa hivyo uliza mapema.